AFISA WA WAFANYA KAZI NI WA NANI?



Katika mikutano ya matawi tumesikia maneno ya namna mbili juu ya afisa wa wafanya kazi, yule ambaye zamani aliitwa Pasoneli, na siku hizi mlango wake umeandikwa Meneja wa Rasilimali Watu, na sisi wote twamwita HR tu. Wa kwanza husema: "Yule ni mtu wa kampuni. Usimwambie kitu, usitie sahihi kitu, usiingie ofisi yake." Wa pili husema: "Ya nini kulipa ada ya chama kila mwezi? HR yuko, ana sikio, nimempelekea shida yangu akaimaliza." Sisi twaona pande zote mbili zapotea njia, na kupotea huku kwawapotezea watu kazi zao. Kwa sababu hiyo twaandika.

Kwanza jina lenyewe. Hatulipendi jina hili la rasilimali watu. Rasilimali ni mali ya kuendeshea shughuli: fedha, mashine, mafuta, vyuma vya njia na mataruma. Taruma likioza hutolewa likatiwa jingine, wala hakuna anayeliuliza lina watoto wangapi shuleni. Lakini jina si jambo la kugombania mwaka mzima. Tutazame kazi.

Wazee wetu hawakuwa na HR. Walikuwa na kipande na mnyapara. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushika watu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho, akakitia katika kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yaliandikwa jina lake, alama za vidole, tajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachisha, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine. Tazameni vizuri, ndugu. Lile lilikuwa faili la mfanya kazi, ila mwenyewe alilibeba shingoni, na mwenye kuliandika alikuwa tajiri peke yake. Kipande kile kiliondolewa mwaka 1947. Ile desturi ya tajiri kuandika na mfanya kazi kubeba haikuondoka pamoja nacho.

Mwaka huo huo wa 1947, mwezi wa Januari, watu wapata 15,000 waligoma Mombasa. Wa bandarini na wa reli walikuwamo, na wa mahoteli, na hata wapishi wa majumbani. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa African Workers Federation, alikamatwa mwezi wa Agosti akapelekwa Baringo. Hata hivyo wenye nchi walijifunza kitu. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilisema wazi jambo ambalo kila mke wa mfanya kazi alikuwa akilijua bila ya kamati, ya kuwa mshahara wa Mwafrika ulikuwa umehesabiwa kama wa kapera, mtu asiye na mke wala mtoto, na ya kuwa yafaa uhesabiwe kuwa wa mtu mwenye jamaa. Ofisi za mambo ya wafanya kazi katika makampuni makubwa zilikua katika miaka ile ya migomo. Huko Uingereza kazi hii ilianza kwa sura nyingine. Wale waliokutana York mwaka 1913 kwa mwaliko wa Rowntree, mwenye kiwanda cha chokoleti, wakaunda chama chao, waliitwa watu wa ustawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Kwetu haikuletwa na huruma. Ililetwa na hofu ya mgomo, na hatuoni aibu kusema hivyo, kwani kitu kilicholetwa na nguvu za wafanya kazi ni chetu pia.

Tena mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi, Serikali, chama cha waajiri FKE, na shirikisho letu la wakati ule, KFL, walipatana juu ya Hati ya Uhusiano wa Kazi. Maana yake kubwa ilikuwa hii: manung'uniko yatapitia hatua zinazojulikana, na kila upande utamtambua mwenzake. Tangu hapo mkubwa wa kazi hakuweza kusema kwamba hajui chama ni kitu gani.

Basi afisa huyu ni wa nani? Analipwa na kampuni. Hilo tusifiche, naye asilifiche. Anayetaraji HR amtetee kama chama anamtarajia mbuzi achunge shamba. Lakini haifuati kwamba afisa huyu ana ruhusa ya kufanya apendalo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imemwekea mwajiri kazi nyingi za lazima, na mkono wa mwajiri katika kazi hizo ni HR. Mkono huo ukikosea, mwajiri ndiye anayeshitakiwa. Kwa hiyo HR mwenye akili hulinda kampuni yake kwa kushika sheria, na akishika sheria, nasi twalindwa. Hapo ndipo tunapokutana naye. Hatumtaki awe rafiki. Twataka afanye kazi yake.

Katika kazi zake zote, ile iliyo nzito kupita zote ni kusikiza mashitaka kabla ya mtu kuachishwa. Sheria, katika kifungu cha 41, yasema kwamba kabla mwajiri hajamwondoa mtu kwa sababu ya makosa ya tabia, au kazi hafifu, au kutojiweza kwa mwili, lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu. Tena mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama amchaguaye mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Na hata pale anapostahili kufukuzwa mara moja, lazima asikizwe yeye na huyo aliyemchagua. Hayo ni maneno ya sheria. Hayakutoka kwa chama wala hayakutegemea wema wa mtu.

Sasa sikilizeni lililompata mwenzetu mmoja wa genge la njia. Hatutamtaja yeye wala waliomwandika. Alishitakiwa kwamba aliacha zana njiani usiku, na zana njiani si jambo la mchezo, sisi wa reli twajua. Aliitwa kikao siku ya Alhamisi, na mjumbe wetu akaenda naye. HR akasoma mashitaka kwa Kiingereza, ukurasa mzima, kisha akauliza swali. Mwenzetu akajibu "Yes." Alidhani anaulizwa kama jina lile ni lake. Karani akaandika kwamba amekiri. Mjumbe akainuka, akaomba yasomwe tena kwa Kiswahili, na kwa kusitasita yakasomwa. Mwenzetu akakana, akaleta mashahidi wawili waliorudi kambini pamoja naye wakibeba zana zile. Kikao kikaisha saa tano. Saa sita akapewa barua ya kuachishwa, na barua hiyo ilikuwa na tarehe ya Jumanne.

Yaani barua iliandikwa siku mbili kabla ya yeye kufungua kinywa.

Hatusemi kwamba mwenzetu hakuwa na kosa. Labda zana aliziacha, labda hakuziacha. Hilo ndilo lililopaswa kutafutwa siku ya Alhamisi, wala halikutafutwa. Tuliichukua barua ile kwa afisa wa kazi wa Serikali kabla ya miezi 3 kwisha, kama sheria inavyoruhusu, na alipoiona tarehe hakuwa na maswali mengi. Kampuni ikaona afadhali kupatana. Mwenzetu akapata fedha, lakini kazi hakurudishiwa, na nyumba ya kazi akahama, na mtoto wake wa kidato cha pili akahama shule katikati ya muhula. Fedha hazikurudisha hayo.

Jambo ambalo limetukaa moyoni ni lile alilotuambia HR mwenyewe tulipokutana naye ukumbini baadaye. Si mtu mbaya. Alituambia polepole: "Mimi niliandika tu nililoambiwa." Ndugu, kama kazi yake ni kuandika tu aliloambiwa, basi kampuni imepoteza fedha, mashine ya kuandikia ni rahisi kuliko mshahara wake. Alisomeshwa miaka mingi ili siku ya Jumanne amwambie mkubwa wake: "Bwana, barua hii haiwezi kuandikwa leo, kwa maana mtu hajasikizwa." Maneno hayo ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote karani aweza kuyafanya.

Wako wanaoyasema. Mahali pengine, si hapo, tulimwona mama mmoja, afisa wa wafanya kazi, aliyeletewa barua za onyo tatu zenye tarehe za miezi iliyopita ili azitie katika faili la fundi mmoja, kusudi ionekane alionywa. Akakataa. Akasema sahihi yake haiendi nyuma. Hatukuambiwa na yeye; tuliambiwa na mfagiaji aliyekuwa akifuta meza, kwani katika ofisi zote wafagiaji ndio wenye habari. Fundi yule yuko kazini mpaka leo wala hajui kwamba aliokolewa. Na yule mama, baada ya muda si mrefu, alihamishwa akapelekwa kuhesabu vitu vya stoo.

Ni juu ya mama huyu twataka wanachama wafikiri, kwa sababu hapo ndipo penye shauri kubwa. Sisi tuna chama. Yeye alikuwa na nani? Kwa desturi ya mapatano ya kazi katika Kenya tangu zamani, wenye kazi za usimamizi na za siri huwekwa nje ya kundi ambalo chama hulipatania mishahara. Kwa hiyo HR anapofanya vibaya twamshitaki, na anapofanya vizuri hana wa kumshika mkono. Si ajabu wengi wao wamejifunza kuinamisha kichwa.

Lakini iko sheria moja ambayo wengi wetu hawaijui, na pengine baadhi ya maofisa hao wenyewe wameisahau katika droo. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu. Sheria hiyo iliweka Taasisi ya kazi hiyo, IHRM, iandikishe watu na kuwapa vyeti vya kufanyia kazi, kama vile wanasheria na wahasibu walivyo na vyao. Maana yake, HR si tena mpwa wa meneja aliyewekwa pale kwa sababu hakupatikana mahali pengine pa kumweka. Ni mtu mwenye cheti, na mwenye cheti ana miiko ya kazi ya kujibia, na anaweza kuulizwa na wenzake wa kazi hiyo.

Wengine watasema cheti ni karatasi. Sisi wa reli tusiseme hivyo. Dereva wa gari moshi akiambiwa na mkubwa, hata mkubwa wa wakubwa, apite taa nyekundu kwa sababu gari limechelewa, hapiti. Si kwamba ana ujeuri. Ni kwamba amepimwa, ameandikwa, na kitabu cha kanuni kinasema taa nyekundu ni kusimama. Akipita, atakayejibu ni yeye. Kile kitabu humfunga, na papo hapo humpa nguvu ya kukataa. Twataka HR naye akitumie cheti chake namna hiyo. Akiletewa barua ya Jumanne kwa kikao cha Alhamisi, aseme: "Nikitia mkono hapa, cheti changu kitakwenda." Mkubwa ataguna, lakini ataelewa.

Sasa tuje kwenye faili. Kazi ya pili ya afisa huyu ni kuweka maandishi, nayo yaonekana ndogo mpaka siku ya shida. Mtu aliyeandikwa kazi ya miezi 3 au zaidi lazima awe na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandika. Mfanya kazi hatakiwi kuuomba kwa kupiga magoti. Ukibadilishwa, lazima mashauriano yafanyike naye na aarifiwe kwa maandishi. Maandishi hayo yawekwe mpaka miaka 5 baada ya kazi kwisha. Na ikiwa jambo limefika kortini na mwajiri ameshindwa kuutoa mkataba, basi mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yale yanayodaiwa kuwamo ni wake. Someni tena sentensi hiyo. Wako wenzetu wanaokaa kimya wakifikiri kwamba kwa kuwa hawakupewa karatasi, hawana haki. Ni kinyume.

Kwa watu wa reli faili lina maana kupita wengine, kwa sababu sisi tumebadilishiwa mabwana mara nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli moja ikawa ya nchi tatu, na wako wazee waliofuatia malipo yao ya uzeeni miaka na miaka. Mwaka 2006 reli ya Kenya ilikodishwa kwa Rift Valley Railways, na mwaka 2017 ukodishaji huo ukavunjwa, na mwaka huo huo reli mpya ya Mombasa na Nairobi ikafunguliwa. Kila mara mabwana wanapobadilishana, viti huhesabiwa, mabehewa huhesabiwa, lakini miaka ya mtu kazini imo ndani ya faili tu. Likipotea, amezaliwa upya akiwa na miaka arobaini. Mwombeni HR muone faili zenu. Andikeni wenyewe nyumbani tarehe ya kuanza kazi, namba, kila uhamisho na kila kupanda cheo. Mzee mmoja wa Makongeni alikuwa akiandika hayo nyuma ya picha ya arusi yake, kwa sababu, alisema, picha hiyo mke wake hataitupa kamwe.

Hapa twafika kwa vibarua, na hapa hatutasema kwa upole. Sheria yasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeandikwa kwa muda unaopita saa 24 kwa mara moja. Basi mtu aliyebeba mataruma pamoja nasi tangu mvua za mwaka juzi ni kibarua wa namna gani? Kifungu cha 37 chasema kwamba akifanya kazi siku zinazofuatana zisizopungua mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi 3, hugeuka kuwa mtu wa mkataba, naye ana haki ya notisi. Wako HR wanaoijua hesabu hii vizuri sana, tena ndiyo maana humsimamisha mtu siku tatu, kisha humwandika tena kana kwamba amefika jana kutoka kwao. Ujanja huo si usimamizi wa watu. Mwenye cheti anayetumia elimu yake kuhesabu siku za kumkwepesha kibarua haki yake anafanya kazi ya yule mnyapara wa zamani, ila yeye ana tai. Tena tuseme na wanachama wetu: wako kati yenu mnaowaita watu hao "wale vibarua" na hamtaki waketi katika mkutano wa tawi. Wao ndio watakaowekwa mahali penu mkishuka.

Juu ya mishahara tutasema kwa ufupi. Karatasi ya mshahara ni haki, na lazima ionyeshe kila kilichokatwa. Tangu Oktoba 2024 sehemu ya 2.75 kwa mia ya mshahara hukatwa kwa ajili ya bima ya afya ya SHIF, iliyochukua mahali pa NHIF. Iko kodi, iko NSSF, iko ya nyumba 1.5 kwa mia ambayo mwajiri hutoa kiasi kama hicho upande wake. Makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Fedha zikikatwa na zisifike zinakokwenda, mwajiri amevunja sheria, na mtu wa kuuliza kwanza ni HR. Usingoje mtoto augue ndipo ujue kwamba jina lako halionekani hospitalini. Ada ya chama nayo ikikatwa kwa sahihi yako lazima ifike kwa chama. Mwajiri hana ruhusa ya kukaa nayo kama dhamana ya kututisha.

Kuhusu kupunguza watu, tumekwisha andika mara nyingi. Chama na afisa wa kazi wa Serikali wapewe notisi si chini ya mwezi mmoja kabla, ionyeshe sababu na kiasi cha watu. Wanaotolewa wachaguliwe kwa kutazama urefu wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Malipo ya kuachishwa ni si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tunaliongeza hapa neno moja tu: orodha hiyo hutengenezwa ofisini mwa HR. Yeye ndiye ajuaye kama jina limeingia kwa hesabu au limeingia kwa chuki.

Turudi sasa kwa wale wawili wa mwanzo. Wewe unayesema HR asipewe neno lo lote, wala usitie sahihi, unajiumiza. Kukataa barua ya mashitaka hakuifuti. Itaandikwa kwamba ulikataa, na kikao kitafanyika bila ya maelezo yako. Ipokee, soma, tia sahihi, na chini yake uandike kwa mkono wako: "Nimepokea. Sikubali yaliyomo," pamoja na tarehe na saa. Kisha umtafute mjumbe kabla hujajibu. Tena yako mambo ambayo ni haki yako kuyapeleka kwa HR kwa siri bila kupitia kwetu: ugonjwa wako, uja uzito wako, mambo ya nyumbani kwako. Na iko shida ya wanawake kusumbuliwa kwa maneno na mikono. Mwajiri mwenye watu 20 na zaidi analazimishwa na sheria kuwa na taratibu ya kuzuia jambo hilo. Dada akilipeleka kwa HR asiitwe msaliti wa chama, hata kama msumbufu ni mwanachama wetu, hata kama ni mjumbe wetu. Tumesikia manung'uniko juu ya hilo katika tawi moja, na msimamo wetu ni huo.

Na wewe unayesema HR anakutosha, twakuuliza: ulipompelekea shida yako akaimaliza, aliimaliza kwa haki au kwa hisani? Kama ni kwa haki, mwenzako mwenye shida kama yako alipata vile vile? Nenda kamwulize. Twajua watu wawili wa shedi moja walioomba ruhusa ya maziko wiki moja. Mmoja alipewa siku saba, wa pili siku mbili, na tofauti yao ni kwamba wa kwanza hucheza mpira na HR. Jambo la hisani halina kifungu, na mwenye kulitoa anaweza kulinyima Jumatatu. HR hawezi kukaa mezani kukupatania mshahara dhidi ya wanaomlipa wake. Hata akikupenda kama ndugu yake, hilo hawezi, wala si haki kumtaka alifanye.

Kwa hiyo shauri letu kwa halmashauri ya chama, kabla ya mapatano mapya kuanza, ni kwamba tudai yafuatayo yaandikwe katika mapatano yenyewe. Kila kikao cha nidhamu kiendeshwe kwa lugha anayoichagua mshitakiwa, na kumbukumbu zake zitiwe sahihi na pande zote mbili siku hiyo hiyo, mjumbe apewe nakala kabla hajatoka chumbani. Barua ya uamuzi isiandikwe kabla ya siku ya kazi ifuatayo. Jina na namba ya cheti cha afisa aliyesimamia kikao ziwe chini ya barua hiyo, ili ajulikane ni nani aliyetoa mkono wake. Na la mwisho, ambalo wengine katika tawi letu walilicheka: afisa wa wafanya kazi ye yote atakayeadhibiwa kwa sababu alikataa kuvunja mapatano au sheria, chama kiwe na haki ya kulileta jambo hilo mezani kama manung'uniko yetu sisi. Waliocheka walisema, "Tangu lini tumtetee HR?" Jibu letu ni kwamba yule mama wa stoo alimtetea fundi wetu bila kuulizwa tangu lini.

Mkutano wa tawi wa mwezi ujao utalizungumza jambo hili. Kila mwenye barua ya kuachishwa, ya onyo au ya kuhamishwa aliyoipokea mwaka huu, aje na nakala yake, abakize asili yake nyumbani, na aandike nyuma siku aliyoitwa kikao na siku aliyokabidhiwa barua. Wajumbe wawili wataketi mlangoni kuzipokea kuanzia saa nane. Wataanza kwa kutazama tarehe.

Ni sisi,
Wafanya kazi wa reli